Mikono Yote Kwanza

Vijana wa karakana mmeniomba niandike mambo ya uongozi. Mmesema niandike kwa sababu nikiongea nakuwa mkali. Sawa, naandika. Ila nawaambia mapema kwamba lini nilipandishwa cheo na nani alinipandisha hamtayakuta humu. Hayo yako kwenye faili langu kule ofisini, na wasomaji wake ni panya. Mimi nitaandika juu ya woga. Miaka yangu yote kwenye kiwanda cha chai niliogopa, halafu nikaogopwa, na sasa nimestaafu, nimerudi Mbeya, nakaa barazani kwangu Uyole na bado naogopa. Msicheke.

Nilifika Mufindi nikiwa kijana wa Kinyakyusa mwenye cheti cha ufundi na koti jepesi. Koti lile ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza kazini. Nilishuka Igowole asubuhi ya mwezi wa sita, ukungu mzito, siioni hata miguu yangu, na baridi ya kule haiulizi umetoka wapi. Mpaka nafika getini meno yalikuwa yanagongana. Mlinzi akaniangalia akasema, "Huyu tena wameleta wa kiangazi."

Fundi mkuu wakati ule alikuwa Mzee Kikoti, Mhehe mfupi, mkimya, mwenye vidole tisa. Ukimuuliza cha kumi kiko wapi, alikuwa anajibu kwamba alikikopesha mashine na mashine haijui kurudisha. Nilimwamkia shikamoo kama nilivyolelewa. Akaitika marahaba, halafu akanipa mkono, akasema, "Kamwene." Salamu hiyo ya Kihehe sikuijua. Akaendelea kuushika mkono wangu, ananitazama tu, mpaka fundi mmoja nyuma yangu akaninong'oneza, "Na wewe mjibu kamwene." Nikajibu. Ndipo akauachia. Nikasema moyoni, mwe! Kama kila salamu huku ni ndefu hivi, chai inatengenezwa saa ngapi?

Siku ileile akanipeleka kwenye kikaushio. Nyie mmekizoea, lakini mkumbuke mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. Ni chumba kirefu cha bati, ndani yake trei za chuma zimepangwa ghorofa kwa ghorofa, zinavutwa na mnyororo, na hewa ya moto inapulizwa kutoka kwenye tanuru la kuni. Majani yanaingia yakiwa yamelowa, yanatoka chai kavu. Kila wiki kinazimwa, mafundi wanaingia kwa mlango mdogo wa nyuma, wanatambaa, wanakwangua masizi na kukaza nati. Ukiwa ndani huonekani na mtu yeyote. Ukiita, bati linameza sauti yako.

Mzee Kikoti akaniuliza, "Unaogopa?"

"Hapana, mzee."

"Basi leo huingii."

Kesho yake akaniuliza tena. Nikamwambia ukweli, kwamba naogopa sana na usiku sikulala vizuri. Akasema, "Haya, ingia." Ndilo somo la kwanza alilonipa, na ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kulielewa.

La pili lilikuwa kufuli. Kila fundi alikuwa na kufuli lake dogo lenye jina lake. Kabla hujaingia kwenye mashine, unalitundika kwenye swichi kuu. Pale palikuwa na kipande cha chuma chenye matundu, kila mmoja anachukua tundu lake. Kufuli moja likibaki, swichi haiendi popote. "Kufuli lako, ufunguo wako, mfuko wako," alikuwa akisema. "Hata mke wako asiubebe."

La tatu niliona ni uzee tu. Kazi ikiisha na makufuli yametolewa, Mzee Kikoti hakuruhusu mashine iwashwe mpaka azunguke. Alimwendea kila aliyekuwa kwenye zamu, mmoja mmoja, anampa mkono. Kamwene. Kamwene. Hata kama mmeamkiana asubuhi, hata kama mmegombana jana yake. Majani yanasubiri kwenye vitanda vya kunyaushia, yanaanza kupata joto, meneja anachungulia dirishani, na mzee anasalimia watu kama yuko harusini. Ukimharakisha anakwambia, "Mikono yote kwanza." Hakufafanua zaidi ya hapo, na mimi sikuuliza, kwa sababu kijana mwenye cheti haulizi mambo ya salamu.

Mzee akastaafu, akarudi kwao Kilolo. Mimi nikashika nafasi yake.

Sasa hapa ndipo aibu inapoanzia, na nitaisema yote. Nilipelekwa semina ya uongozi mjini Iringa, kwenye hoteli yenye mazulia. Mwezeshaji alikuwa na suti na kalamu ya taa nyekundu, anachora piramidi ukutani. Kiongozi juu, wengine chini. Akatuambia kiongozi wa kisasa anamiliki matokeo, haachi kitu mikononi mwa wengine. Nikaandika kwenye daftari nikapigia mstari mara mbili. Wali ulikuwa mzuri.

Sijamaliza wiki tangu nirudi, fundi wetu mmoja akapata msiba wa ghafla, akaondoka na ufunguo wake mfukoni, kufuli lake likiwa bado kwenye swichi. Mlango mdogo tulikuwa tumeshaufunga, kazi imekwisha, tumehakikisha, lakini swichi haiendi. Mpaka tukapata msumeno wa kukata kile chuma, majani ya siku nzima yalikuwa yamechachuka yananuka. Meneja wa wakati ule alinisema mbele ya watu wangu, maneno ambayo sitayarudia. Nikaapa haitatokea tena.

Nikakusanya funguo zote. Za kila fundi. Nikazitia kwenye pete moja nene, nikaining'iniza kiunoni. Mtu akitaka kuingia kwenye mashine anatundika kufuli lake, na kazi ikiisha nakuja mimi, nafungua yote, nauliza kwa sauti kubwa, "Wote mmetoka?" Wanajibu kwa pamoja, "Ndiyooo!" Tunawasha. Ile mikono ya Mzee Kikoti nikaifuta. Mambo yakaenda mbio, meneja akafurahi, na mimi nikajiona nimefika.

Watu wakanipa jina la Njuga, kwa sababu ya zile funguo zinavyolia nikitembea. Nililipenda. Nilidhani ni heshima. Nilikuwa nikiingia karakana nakuta watu kimya, kila mtu na kazi yake, nikawa najisifu kwamba nina nidhamu. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba walikuwa wakiisikia njuga tangu nikiwa kwenye ngazi, anayeongea ananyamaza, aliyekosea anaficha. Bearingi ikianza kulia wanaipaka grisi na kuomba Mungu ife kwenye zamu ya mwenzao. Mwenye tatizo hakuja kwangu hata siku moja, nami nikawa naandika kwenye ripoti kwamba hakuna tatizo.

Basi ikafika asubuhi ile.

Ilikuwa tena mwezi wa sita, baridi kali, nyasi nyeupe kwa sakitu. Mafundi watano walikuwa wamesafisha kikaushio tangu alfajiri. Mmoja wao alikuwa Sanga, Mkinga wa Makete, mtu mpole mwenye watoto wanne na mazoea ya kusahau vitu. Kwenye swichi alikaa Zawadi. Zawadi mnamjua leo kama fundi mkuu wenu, lakini wakati ule alikuwa mwendesha mashine tu, mama wa mapacha, na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema sentensi inayozidi maneno matatu.

Majani yalikuwa yamejaa kwenye vitanda na yalishaanza kutoa joto. Nikaja na njuga zangu. Nikafungua kufuli la kwanza, la pili, mpaka la tano. Nikauliza, "Wote mmetoka?"

"Ndiyooo!"

"Zawadi, washa."

Zawadi hakuwasha. Mkono wake ulikuwa karibu na kitufe cha kijani lakini hausogei.

"Zawadi. Washa."

"Fundi," akasema, "sweta la Sanga."

Nikageuka. Kwenye reli ya ngazi, karibu na mlango mdogo, palikuwa na sweta la kahawia. Mafundi wanapoingia kwenye kikaushio wanavua sweta kwa sababu ndani bado kuna vuguvugu. Hilo lilikuwa jambo la kila wiki. Nikamwambia, "Sweta halikaushi chai. Washa, majani yanaharibika."

"Siwashi, Fundi."

Jamani, kuambiwa hivyo mbele ya watu. Masikio yangu yaliwaka moto. Sikuwaza juu ya sweta hata kidogo, niliwaza juu ya macho ya wale mafundi. Nikamsogeza kwa bega, nikanyoosha mkono wangu mwenyewe kwenye kitufe. Yeye akawahi, akakifunika kwa kiganja, akashikilia kingo zake kwa vidole, akasema, "Baridi hii! Nani atoke mle ndani aliache sweta lake? Nani, Fundi?"

Nilimshika mkono nimtoe. Nakiri hivyo. Nilimshika kifundo cha mkono na nilikuwa namzidi nguvu, na kidole chake kimoja kilishabanduka. Hapo ndipo tuliposikia kikohozi.

Kilitoka ndani ya bati, karibu kabisa na mlango mdogo. Kikohozi kidogo, cha mtu aliyepaliwa na vumbi la chai.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka mlango mdogo unafunguka na Sanga anatoka kinyumenyume, uso mweusi kwa masizi, anatuangalia tulivyoganda. Akasema, "Nilisahau spana namba kumi na saba." Akaenda akachukua sweta lake akavaa.

Nilikwenda chooni nikajifungia. Na nikiwa mle ndani, nanawa uso, wazo langu la kwanza nililiangalia likipita, na bado naliona mpaka leo. Halikuwa juu ya Sanga wala watoto wake. Lilikuwa hili: meneja asijue.

Nilipotoka nikawaita wale mafundi wanne. Nikawauliza kama kuna aliyemwona Sanga akirudi ndani. Wawili wakainamisha vichwa. Mmoja akasema, "Tulimwona, Fundi."

"Sasa mbona mlijibu ndiyo?"

"Ulishafungua makufuli, Fundi. Tukajua unajua."

"Niliuliza! Si niliuliza mmetoka wote?"

Akatazama wenzake, kisha akasema, "Fundi, wewe huwa huulizi. Huwa unatangaza."

Nilitaka kumfokea. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nikautazama mkono wangu, ule uliokuwa unafungua vidole vya Zawadi, nikauficha mfukoni. Nilikuwa nimeogopa mashine, nimeogopa meneja, lakini siku hiyo ndiyo nilianza kujiogopa mwenyewe, na huo woga ndugu zangu haupoi.

Jumamosi ile nikaenda Kilolo kwa Mzee Kikoti. Nilimkuta anapalilia viazi. Akanipa mkono, vidole vyake vinne, akanishika vilevile bila kuachia mpaka nikamwambia yote. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwenye kuwa ndani ya mashine, anaweza kukupa mkono?"

Nikamtazama. Miaka yote ile nilidhani mzee anasalimia. Mzee alikuwa anahesabu.

"Sasa kwa nini hukutuambia, mzee?"

"Ningewaambia ni hesabu, mngehesabu kwa macho mkiwa mbali. Salamu lazima umfikie mtu." Akarudi kwenye viazi vyake.

Jumatatu nikarudisha funguo. Mnadhani walizipokea kwa furaha? Walikataa. Mmoja aliniuliza, "Ukipotea utanikata mshahara?" Mwingine alidhani ni mtego, namtafutia sababu ya kumfukuza. Sanga alipokea wake kwa mikono miwili, akainama kama anapewa ekaristi, halafu akaufunga kwa kamba shingoni ili asiusahau. Meneja naye nilimwambia, kwa mdomo wangu, mbele ya Zawadi. Akasema nimeshindwa kudhibiti watu. Nikamjibu kwamba tatizo ni kuwa niliweza. Hatukuelewana, lakini kazi hakunifukuza, akaniandikia barua. Nayo panya wanaisoma.

Ile pete niliitupa, lakini jina la Njuga likabaki. Na nikaanza kuzunguka na mkono. Kamwene, kamwene. Mwanzoni walinipa mikono iliyolegea kama mboga ya jana. Ilichukua muda mrefu mpaka mtu mmoja akanishika, akanivuta karibu kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, bearingi ya tatu inalia tangu wiki iliyopita. Nilikuwa naogopa kusema." Nikamwambia asante. Nilikuwa na hofu kuliko yeye, kwa sababu nilijiuliza ni mangapi mengine yanalia nami nasikia njuga zangu tu.

Huo ndio uongozi ninaoujua. Mtanisamehe hauna piramidi. Siku hizi naona mna kundi la simu, meneja anaandika "Wote tuko sawa?" na madole gumba yanamiminika, ishirini kwa dakika moja. Mkinionyesha mnacheka, mimi nywele zinasimama. Dole gumba lile ni "ndiyooo" ileile, tofauti yake ni kwamba halina sauti.

Mtasema huyo ni Njuga na ukali wake wa zamani, sisi tuna meneja mzuri. Ni kweli, mnaye. Kijana msomi, mstaarabu, hajawahi kumpandishia mtu sauti, anatuita wazee wangu na anajua majina ya watoto wetu. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana lazima niwaandikie jambo la wiki yangu ya mwisho, ambalo mpaka sasa tunalijua watu wawili tu.

Zawadi alikuwa ameshashika nafasi yangu, mimi nasubiri tu kuagwa. Mnakumbuka siku hiyo, wengi wenu mlikuwepo. Kikaushio kimesafishwa, makufuli yametolewa, kila mtu na ufunguo wake mfukoni. Mimi nikapita upande wa nyuma wa mnyororo, nikafungua kifuniko cha pembeni, nikaingiza mkono nipapase kama umekazwa sawasawa. Kazi ya kupapasa tu. Mtu wa miaka yote ile, atundike kufuli kwa kupapasa? Kufuli langu lilikuwa mfukoni pamoja na ufunguo wake.

Meneja akaja anatabasamu, simu mkononi. "Wazee wangu, tuko tayari?"

"Ndiyooo!"

Mlijibu wote. Na nikasikia sauti moja nzito katikati yenu, ya Kinyakyusa, inavuta ile "ooo" kuliko wengine. Ilikuwa yangu. Hakuna aliyenitisha, hakuna njuga iliyolia. Alikuwa ameuliza kwa upole na sikutaka kumwangusha, basi neno likatoka lenyewe.

"Zawadi, tuwashe basi," akasema.

"Mikono kwanza, meneja," Zawadi akajibu, akaondoka kwenye swichi.

Akazunguka. Kamwene. Kamwene. Meneja anatazama saa, kwa upole. Nikamsikia Zawadi anakuja upande wangu, viatu vyake juu ya bati, anakuja taratibu, hana haraka na mtu. Akasimama mbele yangu, akaninyooshea mkono wa kulia.

"Kamwene, Fundi."

Na mimi nikashindwa kumpa, maana wangu wa kulia ulikuwa bado ndani.